Ubao Mmoja Tu

Ukarabati wa dau kuukuu huanza na ubao mmoja. Mwenye dau, tuseme mkazi wa Magomeni mjini Mtwara, huonyesha mahali palipooza, fundi hutaja bei, na wote wawili huiamini. Ubao ukishang'olewa, taruma, yaani ubavu wa dau, lililo nyuma yake nalo linabonyea. Taruma likitolewa, ubao wa jirani unabaki umeshikwa na kutu peke yake. Mhalifu mara nyingi ni mnyama wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, atobolaye mbao kwa ndani na kuuacha uso wa nje msafi kama bwana harusi.

Dau hupandishwa pwani kwa maji ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Kazi ikichelewa, maji hayalifikii tena mpaka bamvua lijalo, yapata wiki mbili. Katika muda huo dau huwa kivuli cha wacheza bao, nao hutoa ushauri wa ufundi bila kuombwa.

Kisha huja kalafati: pamba yenye mafuta hushindiliwa kwenye mianya ya mbao, na chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Lakini mbao zilizokaa juani husinyaa, hivyo dau likishushwa huvuja kila upande. Mwenyewe hupiga kelele kwamba ametapeliwa. Fundi humalizia kahawa yake kwanza, maana mbao zikinywa maji huvimba na mianya hujifunga. Ndoo, hata hivyo, haiwekwi mbali.

Dau jipya nalo lina visa vyake. Mbao ngumu zinadai kibali cha misitu, na mataruma yanataka miti iliyopinda yenyewe. Malipo ya kwanza hutolewa fedha za korosho zikiingia. Ya pili hungoja msimu mwingine, na mkuku, ule uti wa mgongo wa dau, hungoja nayo huku nyasi zikiota pembeni. Boti ya faiba haitaki kalafati wala hailiwi na wadudu, ila ikipasuka mwambani, fundi wa mbao huitazama kwa huruma na kwenda zake.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini, kwa ncha ya kisu. Mkuku na mataruma mengi yakiwa mazima, kubadili mbao na misumari kunalipa. Mkuku ukiwa umeoza, dau hilo lisikarabatiwe wala lisinunuliwe, hata kama muuzaji ni shemeji.