Injinia, Fundi na Nguzo ya Sebuleni

Mhandisi wa miundo, ambaye kuanzia Embu hadi Maua huitwa Injinia tu, ndiye anayekokotoa uzito wa nyumba na kuamua utashukia wapi. Msanifu huchora nyumba ipendeze. Injinia huhakikisha itasimama. Kisheria awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, na michoro yake hupelekwa pamoja na ya msanifu kwa serikali ya kaunti kuombewa kibali. Kwa desturi, huitwa wakati ploti tayari ina lango la chuma lenye sanamu ya simba, na fundi amekwisha kuchimba msingi kwa kipimo cha mpini wa jembe.

Kazi yake huanzia kwenye udongo. Manyatta, Runyenjes, Nkubu na nyanda nyingine za juu zina udongo mwekundu wa volkeno, wenye kina na tabia njema, na usumbufu wake mkubwa ni mteremko. Ukishuka kuelekea Mbeere na Mwea, mambo hubadilika. Huko kuna mabaka ya udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake kiholela huinuliwa na kushushwa kila msimu, hata mlango wa jikoni ukawa unafungika kiangazi tu. Dawa ni kuuchimbua udongo huo hadi tabaka gumu na kushindilia maramu mahali pake, au kumwaga zege pana chini ya nyumba nzima. Mwenye nyumba akisikia bei ya malori ya maramu, huuliza kama haiwezekani kuushindilia tu huo mweusi uliopo. Fundi humuunga mkono: babu yake alijenga papo hapo na nyumba haikupata hata ufa. Nyumba ya babu ilikuwa ya fito na matope.

Michoro ikiletwa, kila mtu hutafuta vyumba. Hakuna anayetafuta vyuma. Ugomvi wa kwanza huzuka sebuleni, maana injinia ameweka nguzo mahali ambapo familia ilishaweka televisheni. Sebule isiyo na nguzo yawezekana, ila boriti ya juu itabidi iwe nene na vyuma viongezwe, na gharama nayo ipande. Baada ya kikao kirefu kilichohudhuriwa na shemeji na mwenyekiti wa chama, nguzo hubaki, na televisheni huhamia ukuta wa pili.

Vyuma vyenyewe hupungua kwa njia za ajabu kati ya karatasi na saiti. Mchoro umesema milimita 12, dukani zimebaki za milimita 10, na tofauti ya milimita 2 haimshtui mtu. Lakini chuma cha 10 kina asilimia 70 hivi tu ya eneo la chuma cha 12 kikikatwa na kutazamwa kichwani. Ringi za nguzo, zilizoandikwa zifungwe kila milimita 200, hufungwa kila futi moja, na fundi ana jibu: “Mzee, hii ni nyumba, si bwawa la Kiambere.” Hapa mzaha una mpaka. Jengo la makazi lililoporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, liliua watu zaidi ya 45. Injinia anayerudia kuhesabu ringi huku wenzake wakisubiri chai ana sababu.

Siku ya kumwaga slabu ni sherehe. Mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa kwa kutwa, githeri imeinjikwa, na jirani ambaye hakualikwa amekuja kushauri. Injinia anatakiwa akague vyuma kabla ya karai la kwanza, lakini mashine inakula pesa naye bado yuko Chuka njiani. Akifika hukuta nusu ya slabu imeshafunikwa, na nusu iliyobaki imefungwa vyuma vizuri kabisa. Huhakikishiwa kwamba ile iliyofunikwa ni sawasawa na hii.

Uwiano wa zege, tuseme simiti 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, hufuatwa mpaka anayehesabu makarai apigiwe simu. Maji hayana wa kuyahesabu. Zege likiwa zito mtu huongeza ndoo, vibarua hushukuru, na nguvu ya slabu hupungua, kwa kuwa maji ya ziada yakitoka huacha vitundu. Mvua nayo huchangia. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya, mvua za Oktoba hadi Desemba mara nyingi ndizo kubwa, na ndipo slabu nyingi humwagwa, maana mwenye nyumba ameapa kula Krismasi ndani.

Halafu huja kumwagilia, kazi inayochosha kwa sababu haionyeshi matokeo. Zege hupata nguvu simiti inapoungana na maji, si kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo hufunikwa magunia na kuloweshwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa rasmi siku ya 28. Siku ya tatu mfereji wa mradi wa maji hukauka. Fundi hutangaza kwamba slabu imekomaa, ushahidi ukiwa kwamba ameruka juu yake na hakusikia kitu. Mwenye miti ya mikaratusi inayoishikilia naye amekwisha kuiahidi saiti nyingine Igoji.

Nyumba ikiisha, juu ya paa huachwa vyuma vimechomoza kwa ajili ya ghorofa ijayo, na hadi ghorofa hiyo ipatikane hufungiwa kamba ya nguo. Miaka ikipita injinia hupigiwa simu: je, msingi utaweza kubeba? Hujibu kwamba ulikokotolewa kwa nyumba ilivyo, na kuongeza uzito kunahitaji hesabu mpya. Mwenye nyumba humtuliza: huko juu tayari kuna tangi la lita 10,000, mwaka wa pili sasa, na halijaleta shida. Hizo ni tani 10 za maji, yaani takriban ndovu dume wawili wa Mbuga ya Meru wamesimama juu ya bafu. Injinia huuliza ni tangi lipi hilo.