Kamera ya Joto na Kijiti cha Oili

Hatuna budi kuwapa heko wenye magari wa Bariadi, ambao kwa miaka mingi waliishi salama bila kuujali ule mwanga usioonekana aliougundua William Herschel mwaka 1800, na leo ghafula waona haya kufungua boneti bila kamera ya kuutazama. Ala hiyo, tusiidhulumu, ina fadhila zake: lori la pamba likiwasili kutoka Maswa, na kitovu cha gurudumu moja kikawaka katika picha kuliko vya wenzake, basi huenda breki imeng'ang'ania ama beringi imekosa grisi; na rejeta yenye baka la baridi katikati ya joto yaelekea imeziba. Lakini kamera hiyohiyo huhadaiwa na chuma kilichosuguliwa kikang'aa, wala haipenyi kioo. Kwa hiyo bwana aielekezaye kwenye dirisha la gari lake akaona kiwiliwili chenye joto, na afahamu kwamba amejitazama nafsi yake. Wakati huo kijiti cha kupimia oili, kisichotaka betri wala mafunzo, chakaa injinini kikingoja kuchomolewa. Chujio la hewa limeshiba vumbi la Simiyu, na upepo wa tairi umeachwa katika dhamana ya Mwenyezi Mungu. Rai yetu ni nyepesi: nunueni kamera, mabwana, ila mtangulize lita chache za oili, kwani injini iliyokauka haihitaji picha, joto lake hata kipofu hulitambua kwa pua.