Ruta Inawaka, Majina Hayapatikani

Steshenari yetu iko chumba cha mbele cha nyumba, hapa Tanga. Mlango mmoja unatazama barabara, wa pili unaingia sebuleni, kwa hiyo kompyuta ikiumwa nyumba nzima inajua. Jumapili ile asubuhi mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anataka kuchapishiwa barua ya maombi iliyokuwa kwenye barua pepe yake. Mke wangu akawasha mashine, akafungua ukurasa, ukagoma. Akafungua mwingine, nao vilevile.

"Baba Zuhura, hebu njoo! Mambo yenu ya jana usiku yameondoka na mtandao."

Mambo ya jana usiku yalikuwa haya: mpwa wangu Shabani aliipandisha kompyuta kutoka Debian 11 kwenda Debian 12. Kazi hiyo haikwepeki milele, maana toleo likizeeka sana halipati tena viraka vya usalama, na mashine ya steshenari inapokea flashi za kila aina kutoka kila mfuko. Tena Debian ni aina ya Linux, na Linux ndiyo inayoifanya kompyuta yetu ya mtumba itafute riziki mpaka leo. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story: la 11 ni Bullseye, farasi, na la 12, lililotoka Juni 2023, ni Bookworm. Zuhura ndiye aliyenieleza Bookworm ni yupi, maana filamu hizo anazijua vizuri kuliko masomo yake.

Mashauri yakaanza. Mama mkwe akasema kutoka sebuleni, bila kuacha kuchambua mchele, kwamba bando limeisha. Mke wangu akamtazama Zuhura, aliyekuwa amefagia chini ya meza, waya upo pale pale. Zuhura akaapa hakugusa kitu. Shemeji yangu, aliyepita kutusalimu tu, alikuwa na jibu moja: "Shemeji, ipige Windows, yaishe."

Hapo niliweka mguu chini. Kufuta kila kitu na kuanza upya ni desturi ya mafundi wengi wa mjini, na naiona ni desturi mbaya. Inaondoa tatizo pamoja na sababu yake, na mara nyingi pamoja na mafaili ya wateja. Kompyuta ikikosa mtandao inaweza kuulizwa, na ikiulizwa kwa utaratibu inajibu ukweli. Tena kila tuhuma iliyotolewa sebuleni ilikuwa na kipimo chake.

Bando kwanza. Simu ya mama imeunganishwa na ruta hiyohiyo, na mawaidha aliyokuwa akiyasikiliza yalikuwa yanaendelea bila kukatika. Bando lipo. Waya je? Shabani aliinama nyuma ya boksi akaona taa ya kijani kwenye tundu la waya inapepesa. Akafungua dirisha la amri, akaandika ip a, na kadi ya mtandao ikaonekana na anwani yake kamili inayoanza na 192.168. Maana yake ruta imeitambua mashine na kuipa nafasi. Zuhura akaachiwa huru palepale, mbele ya mwalimu.

Shabani alikuwa na hofu nyingine, na ilikuwa na msingi. Katika Debian 12 programu ndogo zinazoendesha kadi nyingi za Wi-Fi zilihamishiwa fungu jipya liitwalo non-free-firmware. Asiyeliongeza kwenye orodha yake ya vyanzo anaweza kukosa fimwea mpya ya kadi yake. Lakini sisi tunatumia waya, na kadi ilikuwa imeshaonekana. Tukaipita.

Tukaipigia hodi ruta kwa amri ya ping. Ikajibu. Tukapiga hodi mbali zaidi, kwenye 1.1.1.1, seva ya huko nje inayojulikana kwa urahisi wa namba yake. Nayo ikajibu, mstari baada ya mstari. Mke wangu akauliza, "Sasa kama inafika huko, mbona ukurasa haufunguki?" Swali hilo ndilo lililotufikisha. Shabani akaandika ping debian.org, ikakaa kimya kidogo, kisha ikaleta ujumbe kwamba imeshindwa kutafsiri jina.

Mtaani kwetu hakuna anayetafuta nyumba kwa namba ya kiwanja. Unauliza kwa Mama Zuhura ni wapi, mtu anakuonyesha. Intaneti nayo iko hivyo tangu Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa majina, DNS, mwaka 1983: mtu anataja jina, mfumo unarudisha namba. Kompyuta yetu ilikuwa na njia nzima mpaka nje, ila imepoteza mtu wa kuuliza.

Shabani akaorodhesha faili la /etc/resolv.conf, ambamo mashine husoma ni nani wa kuulizwa majina. Jina likatokea kwa rangi nyekundu. Halikuwa faili hasa, lilikuwa kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine ndani ya /run, na faili hilo halikuwepo. Huandikwa upya kila mashine inapowaka na huduma iitwayo systemd-resolved, ambayo fundi aliyetufungia kompyuta aliiwasha tangu mwanzo. Kwenye Debian 11 huduma hiyo ilikuja ndani ya kifurushi cha systemd. Kwenye Debian 12 imetengwa ikawa kifurushi chake peke yake, na anayepandisha toleo haletewi kifurushi hicho. Maelezo rasmi ya toleo, sura ya 5, yanasema hivyo waziwazi. Tuliyasoma kwenye simu, mama akiwa ametuazima kwa masharti tuirudishe kabla ya adhuhuri.

Ikabaki kona moja. Kifurushi kinachohitajika kipo kwenye intaneti, na kukifikia kunataka jina la seva lipatikane. Shabani akakifuta kile kiungo kilichokufa, akaandika faili jipya kwa mkono lenye mstari mmoja tu: nameserver 1.1.1.1. Majina yakarudi saa ileile. Akaagiza apt isakinishe systemd-resolved, kikashuka, na chenyewe kikarudisha kiungo mahali pake, safari hii kikielekeza kwenye faili lililopo kweli. Tukazima, tukawasha tena kuhakikisha. Ukurasa ukafunguka.

Mwalimu alichapishiwa barua yake, nakala mbili, na mke wangu akakataa kumtoza ile ya pili kwa jinsi alivyovumilia. Shemeji alibaki akisoma ile sura ya 5 hadi mama akaidai simu yake.

Ilibaki laputopu ya Mama Zuhura, nayo bado iko kwenye Debian 11. Kabla ya kuigusa, Shabani alilitazama faili lake la resolv.conf. Hilo ni faili la kawaida, si kiungo, na huduma ile haijawashwa. Lakini laputopu hiyo inatumia Wi-Fi, basi akaongeza kwanza fungu la non-free-firmware kwenye orodha ya vyanzo, ndipo akaanza kuipandisha baada ya chakula cha mchana.