Sifa za Kumwandikia Sherifu

Mnazi una sifa zake, ngamia ana zake, na hata kahawa chungu ya barazani ina watu wanaoiapia. Ombi la kupewa kumbukumbu za polisi kutoka kwa sherifu wa Texas halijapata msifiaji. Wanaolijua hulilaani, wasiolijua hawana habari kwamba lipo. Mimi nimeishi nalo miezi minne na ushei, nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelitolea senti 30 za Kimarekani. Nisipolisifu mimi, atalisifu nani?

Lakini kabla ya sifa tumtenganishe sherifu na sharifu, maana mama yangu aliyeko Tanga aliwachanganya tangu siku ya kwanza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huko mnaendeleaje?”

“Nimeibiwa jenereta, mama. Nimeshapeleka habari kwa sherifu.”

Akanyamaza kidogo. “Umefanya la maana. Akikusomea dua, mwizi atairudisha mwenyewe usiku.”

Sharifu wa kwetu ana nasaba ya Mtume na huendewa kwa dua. Huyu wa Marekani jina lake limetoka Uingereza ya kale, alikokuwa msimamizi wa mfalme katika jimbo, mkusanya kodi na mkamata watu. Raia walimchoka mapema. Magna Carta ya mwaka 1215 ina kifungu kinachomkataza sherifu kuchukua farasi na mikokoteni ya mtu huru bila ridhaa yake, na kifungu cha namna hiyo hakiandikwi bila sababu. Wamarekani walimchukua na jina lake, wakamwekea masanduku ya kura. Texas ina kaunti 254, na kila kaunti ina sherifu wake anayechaguliwa kila baada ya miaka minne. Wangu ni mmoja kati ya hao 254, na msomaji atanisamehe nisiposema ni yupi. Ana bastola, ana jela, ana magari yenye nyota ubavuni. Mimi nina baruapepe.

Kuhusu jenereta yenyewe: Februari 2021 baridi kali iliishukia Texas na mamilioni ya nyumba zikakaa gizani. Majirani zangu walitazamana kama watu walioona jua likichomoza magharibi. Mimi niliyekulia kwenye mgao wa umeme nilijiona nimerudi nyumbani, isipokuwa mabomba ya kwetu hayapasuki kwa barafu. Nikaapa kwamba jambo hilo halitanikuta tena mikono mitupu. Nikanunua jenereta, nikaifungia uani kwa mnyororo. Ikakaa bila kazi mpaka alfajiri moja ilipopata mwenyewe mpya. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye usingizi ulishamkimbia miaka mingi, aliona pikapu ikiondoka na akaisoma namba. Naibu sherifu aliyekuja asubuhi alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliandika maelezo yangu, akaandika namba ya ile pikapu kama mzee alivyoitaja, akanipa kadi ndogo yenye namba ya tukio. Nami nikageuza kadi, nikaandika namba ya gari nyuma yake, isije ikapotea.

Watu wa bima wakasema namba ya tukio haitoshi, wanataka ripoti. Hapo ndipo mapenzi yalipoanza.

Fadhila ya kwanza niliyoiona ni elimu ya jiografia. Miaka saba nilijua naishi katika mji fulani kwa kuwa barua zangu zimeandikwa jina la mji huo. Basi ripoti niliifuata kwanza kwa polisi wa mji, ingawa kadi ni ya sherifu. Walinieleza kwa upole kwamba nyumba yangu iko nje ya mpaka wao, kwa hiyo niende kwa konstebo. Konstebo naye Texas huchaguliwa kwa kura, ana eneo lake na magari yake, akanielekeza kwa sherifu. Kumbe mtaa wangu si wa mji wowote, upo ndani ya kaunti tu, na mlinzi wake ni sherifu. Ramani ya nchi ya watu niliijua kwa kukataliwa kwenye madirisha mawili ya vioo.

Kisha ikaja elimu ya historia. Barua yangu ya kwanza ilianza kwa kishindo: nilitaja sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 1966, ile ambayo Rais Lyndon Johnson aliisaini tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, akiwa kwenye shamba lake humu humu Texas, bila sherehe, kwa kuwa hakuipenda. Niliona nimemshika sherifu pabaya. Karani akanijibu kwamba sheria hiyo inazifunga ofisi za serikali ya shirikisho peke yake. Sherifu wa kaunti anafungwa na sheria ya jimbo, na ya Texas ilipitishwa mwaka 1973, baada ya kashfa ya benki ya Sharpstown kumfikisha spika wa bunge la jimbo mahakamani na kumtia hatiani. Nchi nyingine hupata sheria kwa busara ya wazee. Texas ilipata ya kwake kwa ulaghai wa hisa. Aibu ni mwalimu mkali, lakini haachi mtu bila kufaulu.

Fadhila ninayoipenda kuliko zote ni ya sarufi. Barua ya pili niliandika kwa lugha ya kawaida: “Naomba kujua ni nani aliyeiba jenereta yangu na mmefikia wapi.” Jibu lilikuwa fupi. Sheria haiilazimishi ofisi kujibu maswali, inailazimisha kutoa nyaraka ilizonazo. Nilikaa na sentensi ile jioni nzima. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuuliza, na hapa nafundishwa kwamba swali ni kitu cha watoto. Mtu mzima huomba karatasi. Basi barua ya tatu nikaomba karatasi: “nyaraka zote zinazohusu jenereta yangu.” Wakasema ombi ni pana mno, nifafanue. Na uzuri wa ufafanuzi ni kwamba siku za sheria huanza kuhesabiwa upya ukishafafanua, na usipojibu kwa siku 61 huhesabiwa kuwa umeliondoa ombi lako mwenyewe, kwa hiari yako, hujalazimishwa na mtu. Barua ya nne nikaiandika kama hati ya nyumba: namba ya tukio, tarehe, saa, anwani, jina la naibu sherifu, na neno moja tu la kuomba, ripoti. Nimewahi kuandika barua za posa zisizokuwa na nidhamu ile.

Na angalia walivyonistahi. Hakuna aliyeniuliza ninaitakia nini. Sheria ya Texas inamkataza mwenye kumbukumbu kumhoji mwombaji kuhusu sababu zake. Hawakuniuliza uraia pia. Majimbo mengine si hivyo: Virginia huwapa watu wake tu, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema inaruhusiwa. Sheria za kwetu za mwaka 2016, ya Tanzania na ya Kenya, nazo zimempa raia haki hiyo. Mimi mgeni wa Tanga, mwenye lafudhi inayomfanya karani arudie kila kitu kwa sauti ya juu, nina haki ya kumwagiza mtu mwenye jela anitolee karatasi yake, na hawezi kuniuliza “kwani unaitakia nini?” Swali hilo nimeulizwa katika ofisi nyingi za dunia, na nyingine zilikuwa na picha ya rais wangu ukutani.

Mama hakuvutiwa. “Mwanangu, miaka yote hiyo uko huko, humjui mtu hata mmoja hapo ofisini?”

“Simjui, mama.”

“Basi imekuwa kazi.”

Hakujua kwamba amelisifu ombi kuliko nilivyolisifu mimi. Ningekuwa namjua mtu, ripoti ingefika kwa siku moja, na mwenzangu asiyemjua mtu angeisubiri ya kwake mpaka kiama. Hapa sote tunasubiri kiama pamoja.

Kuhusu kusubiri, nasikia watu wakilalamika, nami siwaelewi. Kwetu karani husema “njoo kesho,” na kesho ya karani haina mwenyewe. Texas kesho imepimwa. Ofisi ikitaka kukunyima, ina siku 10 za kazi za kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo na kumwomba ruhusa. Naye ana siku 45 za kazi za kuamua. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo, kwa hiyo mtu anapata pia nafasi ya kuzijua sikukuu zote za serikali. Mimi nililetewa nakala ya barua ambayo ofisi ya sherifu ilimwandikia mkubwa huyo kuhusu mashine yangu ya petroli, kwamba upelelezi unaendelea na kwamba kuitoa ripoti kungeuvuruga. Nilimsomea mama kwenye simu nikimtafsiria. Kwa mara ya kwanza alisikika ameridhika. Kesho yake mtaa mzima wa Ngamiani, kule Tanga, ulijua kwamba suala la jenereta ya kijana wao limefika kwa Mwanasheria Mkuu.

Kuna pahala sifa zangu hukwama kooni, na si haki kupapita kimya. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kufungia kumbukumbu za kesi iliyoisha bila mtu kutiwa hatiani. Ilikusudiwa kumlinda asiye na kosa asichafuliwe jina. Lakini mtuhumiwa akifia mikononi mwa polisi hatatiwa hatiani milele, na faili lake linaweza kufungwa pamoja na jeneza. Watu wa Texas wameupa mwanya huo jina, mwanya wa mtuhumiwa aliyekufa. Na kule Uvalde, humu humu Texas, walikouawa shuleni watoto 19 na walimu wawili tarehe 24 Mei 2022 huku askari zaidi ya 370 wakifika na kungoja zaidi ya saa nzima, vyombo vya habari vililazimika kwenda mahakamani kudai kumbukumbu. Mji ulitoa za kwake Agosti 2024. Kaunti na wilaya ya shule, ambazo jaji alikwishaziamuru kutoa za kwao mwezi uliotangulia, zilikata rufaa. Ukilinganisha na subira ya wazazi wale, yangu ni ya mtu anayengoja chai ipoe.

Turudi kwenye jenereta, ndiyo saizi yangu.

Uamuzi ulikuja na nembo ya jimbo juu. Ofisi inaweza kuzuia sehemu kubwa ya faili, isipokuwa maelezo ya msingi, ambayo hayazuiliki. Maelezo hayo ya msingi ni urithi wa kesi ya mwaka 1975, gazeti la Houston Chronicle dhidi ya mji wa Houston, na orodha yake ni tamu: kosa, mahali, saa, mlalamikaji, mali iliyohusika, magari yaliyohusika, majina ya wapelelezi, maelezo ya kina ya tukio, na hali ya hewa. Ndiyo, hali ya hewa. Mwizi wako anaweza kuwa siri ya upelelezi, lakini hakuna nguvu Texas inayoweza kukuficha kama siku ile kulikuwa na mawingu.

Bei ilikuwa senti 10 kwa ukurasa, kurasa tatu. Karani alinisindikiza kwenye malipo kwa heshima ya mtu anayenunua gari. Nilimpa dola moja na akanirudishia chenji yote hadi senti ya mwisho, na stakabadhi juu yake. Mtu asiniambie kuna ofisi iliyonyooka kuliko hiyo.

Lazima niseme pia kwamba wakati huo bima ilikwishatoka kwenye hesabu. Kiasi ninachotakiwa kubeba mwenyewe kabla bima haijalipa chochote ni dola 1,000. Jenereta niliinunua dola 700. Hilo liliandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, na mimi mtu wa kudai kumbukumbu za wengine sikuwa nimesoma ya kwangu. Ningeweza kuliacha ombi lijifie. Sikuweza. Mapenzi hayaulizwi faida.

Nilizisoma zile kurasa ndani ya gari, kwenye maegesho, kioo kimefungwa. Mlalamikaji: jina langu, limekosewa herufi mbili. Mali: jenereta moja, rangi nyekundu. Hali ya hewa: mawingu kiasi. Maelezo ya tukio yalikuwa ya kina kweli. Alfajiri, mzee wa jirani yuko dirishani, pikapu nyeupe inatoka taa zimezimwa, namba yake ni, halafu wino mweusi. Pembeni wamebandika kifungu: namba za usajili wa magari ni siri kwa sheria ya jimbo.

Nikatoa pochi. Kadi ya naibu sherifu ilikuwa bado nyuma ya leseni, pembe zimelegea. Nikaigeuza, nikaiweka juu ya karatasi, mwandiko wangu chini kidogo ya ule wino. Herufi tatu, tarakimu nne. Wino ulikuwa na urefu ule ule, umeanzia pale na kuishia pale, umekatwa kwa ustadi kama fundi aliyekupima nguo.