Kasida ya Aliyenitangulia

Kila chema kimeshapata mshairi wake. Subira imesifiwa hadi imechoka, jasho limesifiwa, na hata umaskini una watu wanaousifu, ingawa wengi wao huoga maji ya moto. Lakini yule mtu anayefika dakika tano kabla yako na kuchukua kile ulichokuwa ukikivizia tangu juzi hajapata hata ubeti mmoja. Yeye hulaaniwa tu. Mimi mkazi wa Kamenu, mjini Thika, naona hilo ni deni, na leo nalilipa. Namsifu mwindaji mwenzangu aliyenipokonya windo, na pamoja naye nausifu uchungu alioniachia, ambao una thamani kuliko windo lenyewe.

Nianze na sheria, maana sisi Wakenya huiheshimu sana sheria baada ya kutunyima kitu. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na mapambo yatokanayo nazo. Sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Kwa hiyo mwindaji wa Kenya hana ruhusa ya kutundika sebuleni kichwa cha kulungu, pembe za kongoni wala ukwato wa digidigi. Nyara anayoruhusiwa kumiliki ni moja tu: mnyama aliyemponyoka. Huyo haombewi leseni, halipiwi ushuru, na askari wa wanyamapori wa KWS akikupekua hadi soksi hatamwona.

Basi uwindaji haukufa Thika. Ulihamia sokoni. Nenda soko la Jamhuri robota la mitumba linapofunguliwa. Lina kilo 45 hivi, limeshuka bandarini Mombasa, likapitia soko la Gikomba, na sasa limelala chini limezungukwa na watu wasiosalimiana. Kisu kikishapita kwenye mikanda, wa kwanza kuinama ni wenye maduka ya nguo, wanaolipa zaidi ili wachague kwanza. Hao huondoka na kamera, yaani nguo ambazo ukizipiga pasi na kuzitundika kwenye kioo hakuna atakayeuliza zilitoka wapi. Wakiinuka wao, tunainama sisi. Wakija wa jioni kabisa, wanakuta fagia, na jina lake linatosha.

Katikati ya kamera na fagia ndipo ilipo mbuga yangu. Hapo ndipo koti la ngozi la rangi ya kahawia linapoweza kumponyoka mwenye duka kwa sababu limekunjwa ndani ya shuka, na ndipo mwindaji anapotakiwa kujizuia. Mtaalamu haonyeshi mapenzi. Hushika sweta asiyoitaka, akaivuta kiwiko, akaikunjia uso, huku jicho la pembeni limelalia kahawia ile. Muuzaji, ambaye amewinda wawindaji miaka mingi, haangalii mkono wa mteja. Anaangalia macho.

"Hiyo ni mia nane, kaka."

"Nauliza hii sweta."

"Najua."

Hapo sasa huingia hesabu ya jua. Bei ya asubuhi si bei ya jioni, saa kumi na moja muuzaji yuleyule atakuwa amesimama juu ya stuli akipaza sauti "mia mia, chagua ni yako!" Kwa hiyo mwindaji hulitosa koti chini kabisa ya rundo, akalifunika kwa suruali za watoto, akatia na gauni la bibi harusi juu kama kaburi, kisha akaondoka taratibu kama mtu aliyekuja kuangalia saa. Mbinu hii ni nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba kila mtu Thika anaijua, na ndiyo maana mnunuzi mzoefu haanzi kupekua juu ya rundo. Anaanza chini.

Unarudi jioni. Kaburi limefukuliwa.

"Aah, limeenda saa hii tu! Pole, kastoma wangu. Kesho nafungua mtumba mwingine."

Saa hii tu. Sijawahi kusikia koti lililoenda asubuhi. Huo ni ukarimu wa muuzaji: angeweza kusema limeondoka ulipogeuza mgongo, nawe ukaenda zako ukiwa huna neno. Anaposema saa hii tu, anakupa mtu wa kumwazia. Unageuka, unatazama umati unaoelekea stendi, na kila mfuko mweusi wa mkononi unaufikiria. Kumbe yuko hapa karibu! Labda ni yule. Labda atapanda matatu yenu. Tangu saa hiyo wewe si mtu aliyekosa nguo bali mtu mwenye kisa, na nyumbani hutafika mikono mitupu.

Sasa tulinganishe mali. Aliyenitangulia ana koti. Baridi ya Julai itakuja nalo litafanya kazi yake, sikatai. Lakini Oktoba litakuwa limekula vumbi la barabara ya Garissa, zipu itakuwa imeanza kung'oa meno, na ngozi ya kola itabanduka kidogo kidogo hadi kionekane kile kitambaa cha chini ambacho muuzaji hakukitaja. Langu mimi halijawahi kunyeshewa. Bega lake limenikaa barabara, mikono haikupita kidole, na kila nikilisimulia linapata mfuko mwingine wa ndani. Juzi nilijikuta nikisema lilikuwa la Italia. Nani atabisha? Lebo anayo yeye.

Mtu atasema huu ni ufundi wa wanyonge wa kujifariji. Namrudisha 1909, tena sio mbali na hapa. Mwaka huo Theodore Roosevelt, aliyetoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwinda nchi hii akiwa na mwanawe Kermit kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Alikaa pia Juja, mwendo mfupi tu kutoka Thika, kwenye shamba la William Northrup McMillan, yule bwana mnene aliyezikwa baadaye mteremkoni Kilimambogo. Hesabu yao waliiandika wenyewe: wanyama 512. Baba 296, mwana 216. Simba 17, ndovu 11, vifaru 20. Unaposoma orodha kama hiyo hukumbuki mnyama hata mmoja. Ni kama risiti ya duka la jumla. Ila ukichungulia safu ya bongo, yule mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe wa misitu ya milimani, utaona kwamba aliyempata ni Kermit. Baba hakupata. Rais mzima, mwenye msururu wa wapagazi na bunduki za kila aina, alitanguliwa na kijana wake mwenyewe. Sina ushahidi, lakini naweza kuapa kwamba wale 296 walimtoka akilini kabla meli haijafika kwao, na bongo akabaki naye hadi uzeeni. Huyo ndiye mnyama pekee aliyekuwa wake.

Ng'ambo ya Kilimambogo, kwa Wakamba, uwindaji wa mishale ulikuwa na adabu ya kuweka alama. Sumu ya mshale haiui papo hapo. Mnyama hukimbia, huvuka korongo, huanguka mbele ya watu wengine kabisa. Mshale ukichomolewa, alama yake ilisema ulitoka wapi. Ni utaratibu wa busara, nami nauheshimu, lakini fikiria ulivyopunguza raha. Unapewa nyama yako, unakwenda kula, hadithi imeisha. Sisi wa Jamhuri hatuna alama. Sheria yetu ni kiganja: ukishika ni chako, na ukiweka chini ili uandike namba ya siri ya M-Pesa, umeachilia. Watu wamepoteza viatu vizuri sana kwa sababu ya tarakimu nne.

Huko Marekani kwenyewe, kwa walio na kulungu wenye pembe za matawi, mchezo huu umefikishwa kileleni. Mwindaji hufunga kamera kwenye mti (si kamera yetu, hii ni ya kupiga picha) naye hupata picha za dume mmoja usiku baada ya usiku. Humpa jina. Humwacha akue mwaka wa pili, wa tatu, pembe zitanuke. Halafu msimu unafunguliwa, dume anaruka ua wa senyenge kwenda kumtembelea jike, na jirani aliyekuwa akinywa kahawa anampiga risasi. Ni halali kabisa, kwa maana mnyama wa porini si wa mtu hadi apatikane. Mwenye kamera anabaki na albamu. Lakini sikiliza wanavyosema wawindaji haohao: kulungu akishaanguka, hunywea. Zile pembe zilizokuwa kama mbuyu kwenye picha, ukizifikia na kuzishika zimepungua shibiri. Kila muuaji huliona hilo anapomkaribia mnyama wake. Aliyepokonywa halioni kamwe. Dume wake hajaanguka, kwa hiyo hajanywea, na ukimpa nafasi ya kusimulia mbele ya chai ya pili ataongeza tawi.

Nikitaka mfano mzito zaidi ninao mlangoni. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe 2012, hapa kwetu watu wanawinda ploti. Unaipenda moja, ya hamsini kwa mia, ina mwembe kwenye kona. Unaipita kila Jumapili ukitoka kanisani. Umeshaamua jiko litakaa wapi na mbwa atafungwa wapi, na chama chenu kimebakisha mizunguko miwili kufika zamu yako. Jumapili moja unakuta mabati yamezunguka, na maandishi mekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mtu aliyeyaandika anadhani anawafukuza matapeli. Hajui anawaambia watu kadhaa, kila mmoja akipita na Biblia yake kwapani, kwamba jiko lao limevunjwa. Lakini hata hapa nasema ahsante. Yeye ndiye atakayepanga foleni ya hati miliki, atakayelipa ada za kaunti, atakayeamka usiku kwa sababu fundi ameondoka na saruji. Mwembe wangu unazaa bila stakabadhi.

Biblia yenyewe, kama imefika kwapani, ina mlezi wetu. Esau alitumwa porini kuwinda, akaenda kwa utiifu, akapata mnyama, akapika, akaingia kwa baba yake na sahani ya moto, na akakuta baraka imeenda. Saa hii tu. Tena imechukuliwa kwa nyama ya mbuzi wa nyumbani! Alilia kwa sauti kuu, na haki yake. Lakini angalia mwisho wa mambo: ndugu yake aliyeichukua alikimbilia ugenini, akatumikia miaka mingi kwa mjomba mwerevu kuliko yeye, akarudi akitetemeka. Esau alimpokea akiwa na watu 400 nyuma yake, na alipopewa zawadi ya mifugo alisema anavyo vya kutosha. Wahubiri hupita haraka sana kwenye mstari huo.

Najua kuna wanaomkosea adabu aliyewatangulia. Wa kwanza ni anayesema "hata sikuwa nalitaka," ambaye anatupa nyara yake jalalani. Wa pili ni anayelitukana windo, eti ngozi ni bandia, eti udongo wa ploti ile ni mweusi unaonywa maji. Huyo naye anaharibu bidhaa yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayemwonea huruma mtu aliyepoteza kitu kibovu. Wa tatu ndiye hatari. Humkimbilia mwenye mfuko hadi stendi na kumwambia, "Bosi, nikuongezee mia mbili?" Mshukuru Mungu kwamba bosi hukataa.

Kwa sababu balaa lenyewe, ambalo watu hawalizungumzii, si kupokonywa. Balaa ni kurudishiwa. Wiki iliyopita nilikuwa napita zangu Jamhuri, sina shida na mtu, nikasikia naitwa kutoka juu ya stuli.

"Kaka! Lile koti lako limerudi! Lilimbana kwapa yule jamaa. Nimekuwekea, leta mia tano tu."

Alikuwa amelinyanyua juu ya vichwa vya watu ili nilione vizuri. Lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nikisema, lina kifungo kimoja cha plastiki, na mifuko ya ndani sikuiona. Wateja watatu walikuwa tayari wanalitazama, mmoja wao ameshika sweta asiyoitaka. Nilijifanya napokea simu, nikavuka barabara, na nikaingia matatu ya kwanza niliyoikuta, ambayo haikuwa ikienda Kamenu.