Asilimia Mbili Juu, Asilimia Mbili Chini

Simama Sachangwan, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, uulize watu kumi kama wamewahi kuhojiwa na hizi kampuni za utafiti zinazotutangazia chama gani kinaongoza na kipi kimeshuka. Wote kumi watakuambia hapana. Watakuambia pia kwamba hawamjui mtu aliyehojiwa, wala hawamjui anayemjua, na kwamba kwa hiyo takwimu zile hupikwa hotelini Nairobi. Usiwaambie kwamba umewafanyia kura ya maoni papo hapo, bila malipo, na matokeo yake ni asilimia mia moja.

Nimekusudia kuisifu kura ya maoni. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema huyu ametukanwa kiasi kwamba hata akitia maji debe zima hakuna atakayeona tofauti. Akisema fulani anaongoza, wa fulani husema wananchi wamenena. Mwezi unaofuata akisema fulani ameshuka, watu wale wale husema amenunuliwa. Hakuna mfanyakazi mwingine nchini anayepata na kupoteza uadilifu wake mara nyingi hivyo kwa mwaka mmoja, tena kwa kazi ile ile, kwa kalamu ile ile.

Tuanze na lawama ya "mimi sijaulizwa", maana ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa Kenya walizidi milioni 22. Kampuni ikihoji watu 2,000, nafasi yako ya kuulizwa ni moja kati ya 11,000. Sasa tuseme kampuni hiyo inahoji kila mwezi bila kuruka, nawe Mungu akujalie kuwa mpiga kura kwa miaka 60. Hizo ni kura za maoni 720, na bado katika kila watu mia, karibu 94 wataingia kaburini hawajaulizwa kitu. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kura ya maoni: haisumbui. Mgombea atakufikia na spika zake usiku umelala, karatasi ya harambee itakufikia hata ukijificha shambani, lakini mtafiti wa maoni atapita nchi nzima na kuijua hali yake bila kubisha mlangoni kwako. Ni adabu iliyoje!

Sifa ya pili ni kwamba mtafiti hutaja kosa lake mwenyewe kabla hujamshika nalo. Chini ya kila jedwali, kwa maandishi madogo, utakuta kiwango cha makosa: kwa watu 2,000 ni kama asilimia mbili juu na asilimia mbili chini. Sisi wa huku tunaijua thamani ya jambo hilo, maana tunaishi kwa viazi, na viazi vimetufundisha vipimo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Mnunuzi kutoka mjini naye alikuwa na gunia lake la mukurino, lililoshonewa kilemba juu hadi likafanana na mzee aliyevaa kwenda kanisani, na akalilipa bei ya gunia. Mtafiti wa maoni pia ana mukurino wake. Tofauti ni kwamba yeye huandika uzito wa kilemba ubavuni mwa gunia, halafu anakuachia wewe ukisome au usikisome. Magazeti kwa kawaida hayakisomi. Mmoja akiwa na 44 na mwenzake 43, kichwa cha habari husema mmoja "amemwacha" mwenzake, ingawa kwa hesabu hakuna aliyemwacha mtu.

Kilemba chenyewe hakikui kwa sababu nchi ni kubwa. Kinakua kwa sababu walioulizwa ni wachache. Jambo hili huwaudhi watu, nami naliona tamu: watu 2,000 wanatosha Kenya, na wangetosha nchi yenye watu mara kumi ya Kenya. Lakini ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, lazima uulize watu mara nne. Na ukitaka kujua mambo ya kaunti moja, balaa. Kaunti ya Nakuru ina wapiga kura zaidi ya milioni moja, nayo katika wale 2,000 inapata watu kama 95 hivi. Kosa la watu 95 ni asilimia kumi juu na kumi chini. Kwa hiyo ukisoma kwamba chama fulani kinaongoza Nakuru kwa pointi sita, umesoma dua ya mtu. Sachangwan yenyewe ikibahatika inapata mtu mmoja, na huyo mmoja akiwa ameenda Molo kununua dawa ya viazi, basi Sachangwan nzima haina maoni mwezi huo.

Wengi tunadhani ukiuliza watu wengi zaidi utapata ukweli zaidi. Marekani walijaribu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni kumi, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha za jarida zilitoka kwa wenye simu na magari, na mwaka ule wa dhiki wenye simu na magari hawakuwa watu wote. George Gallup, aliyeuliza wachache sana lakini akawachagua kwa uangalifu, alipata jibu sahihi. Nawataja hawa kwa ajili ya wanasiasa wetu wanaosimama juu ya gari barabarani hapa, wakatazama umati, wakasema, "Utafiti ndio huu mnaouona." Umati wa Sachangwan hujaa kwa kila mgombea. Fulana na kofia hupokelewa kutoka kwa kila chama, kwa sababu fulana ya kampeni ndiyo nguo bora ya kulimia. Ukipita msimu wa palizi utaona vyama vyote vimeinama kwenye shamba moja.

Kwa wanaosema afadhali tuachane na asilimia, tuhesabu watu wakiwa wamesimama, nakumbusha kwamba tulishafanya hivyo. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala aliyebeba picha yake, mchana kweupe, na chifu akiangalia. Aliyevuka asilimia 70 alipita moja kwa moja, hapakuwa na haja ya kura ya siri. Ilikuwa sampuli ya watu wote waliofika, haikuwa na kiwango cha makosa hata kidogo, na bado ikawezekana foleni fupi kuishinda foleni ndefu. Mbele ya kipimo kama hicho, mtafiti mwenye dodoso lake la maswali ishirini ni malaika.

Mwaka 2007 ndio aliotukaniwa zaidi. Kampuni ya Steadman na wenzake walimweka Raila Odinga mbele ya Mwai Kibaki muda mrefu, kisha Desemba pengo likawa jembamba. Tarehe 30 Desemba Kibaki akatangazwa mshindi. Kulikuwa na utafiti mwingine, wa kuwauliza watu wakitoka kituoni baada ya kupiga kura, ulioagizwa na International Republican Institute ya Marekani. Ulimwonyesha Raila akiongoza, lakini taasisi hiyo haikuutoa hadharani hadi Agosti 2008. Je, watafiti walikosea? Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza uchaguzi ule ikasema hesabu zilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Basi nani amkosoe nani? Mwenye asilimia mbili juu na mbili chini alikuwa amekiri kosa lake mapema. Waliotangaza matokeo hadi tarakimu ya mwisho hawakukiri lolote.

Mwaka 2022 ulikuwa mwepesi zaidi. Ipsos, TIFA na Infotrak, kila moja kwa hesabu zake, zilimtanguliza Raila mbele ya William Ruto. Ruto akashinda kwa kura 233,211, yaani chini ya asilimia mbili. Watu wakacheka sana huku kwetu, maana Nakuru ilimpa Ruto kura bila kusita. Sababu zinazotajwa ni nyingi, lakini ninayoiamini mimi ni rahisi: mtafiti huuliza wanaotoka kupiga kura na wasiotoka, na zaidi ya thuluthi moja ya walioandikishwa hawakutoka nyumbani siku hiyo. Kuna mapenzi ya mdomo, na kuna mapenzi ya kuamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya huku ukapange foleni. Si rahisi kwa mtafiti kuyatenganisha.

Tena masikini anaombwa apime ukubwa wa vyama, vitu ambavyo havikai mahali pamoja. Chukua majirani wawili waliotenganishwa na ua wa michongoma. Mmoja alikuwa KANU mwaka 2002, ODM mwaka 2007, URP mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Mwingine alikuwa NARC, kisha PNU, kisha TNA, kisha Jubilee, kisha UDA. Hakuna aliyehama hata hatua moja. Vyama ndivyo vilivyokuwa vikihama, vikipita uani kwao kama magari ya kukodi. Halafu mtafiti aje na swali lake: unahisi uko karibu zaidi na chama gani?

Nimelisikia swali hilo likiulizwa. Siku hizi huhoji kwa simu, na mama mmoja muuza viazi alipigiwa akiwa kibandani pale barabarani. Mikono ilikuwa na udongo, hivyo akaweka simu kwenye spika juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mama, uchaguzi ukifanyika leo, ungempigia nani kura?"

"Leo ni siku gani, mwanangu?"

"Jumatano, mama."

"Uchaguzi si huwa Jumanne?"

Kijana wa simu akacheka kidogo, akarudi kwenye maandishi yake. Lori likapita likiteremka kwa gia ndogo, likinguruma hadi mabati yakatetemeka. (Wakenya wengi walilijua jina la Sachangwan kwa moto wa lori la mafuta wa tarehe 31 Januari 2009, na hapo sina mzaha.) Kelele zilipopungua, swali la chama likaja. Karibu na mama walikuwa wamesimama mteja, kijana wa bodaboda na jirani yake wa kibanda cha pili anayeuza karoti. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akapangusa mkono kwenye leso.

"Hapo bado sijaamua, mwanangu."

Jirani wa karoti akaangua kicheko. "Wewe? Wewe ndiwe hujaamua?"

"Nimeulizwa mimi," mama akasema, akaendelea kujaza ndoo.

Huyu mama anahesabiwa kwenye safu ya "hawajaamua", safu ambayo wachambuzi wa runinga huizungumzia kama kundi la watu waliochanganyikiwa, wanaongoja sera. Mimi naiona kuwa safu yenye akili kuliko zote kwenye jedwali. Eneo hili la Molo na Kuresoi lilichomwa mwaka 1992, likachomwa tena mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, na mara zote swali lililotangulia moto lilikuwa hilo hilo: wewe uko upande gani? Lilikuwa likiulizwa bila dodoso, na hapakuwa na kisanduku cha "sijaamua". Mtafiti wa maoni ndiye mtu wa kwanza kuuliza swali hilo huku, akapewa jibu la kukwepa, akaliandika kwa heshima, akashukuru, akakata simu. Kwa hilo peke yake ningempa mbuzi.

Ana sheria yake pia, ya mwaka 2012, inayomtaka aseme nani amemlipa, aliuliza watu wangapi, lini, na kwa maneno gani. Ningependa kuona chama chochote kikitangaza nusu ya hayo. Sheria hiyo hiyo inamnyamazisha siku tano kabla ya uchaguzi, ili wananchi watafakari kwa utulivu.

Utulivu wenyewe tunaujua. Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Siku tano kabla yake kampuni zitafunga midomo, na hapo ndipo simu za Sachangwan zitakapoanza kulia. Utatumiwa jedwali lenye nembo ya kampuni ambayo haijahoji mtu, utatumiwa jingine linalolikana la kwanza, na jioni kijana wa bodaboda atakuapia kwamba binamu yake anayefanya kazi mahali fulani Nairobi ameona kwa macho yake. Upande mmoja utakuwa na asilimia 85. Upande wa pili utakuwa na 90. Ukijumlisha utapata 175, na katika hao wote hakuna hata mmoja atakayekutajia kiwango chake cha makosa.