Zingine Kumi na Moja Ziko Nyuma

Jana saa tano asubuhi mkurugenzi wetu alifuta miwani yake kwa nepi ya mwanangu. Aliifuta taratibu, kioo cha kulia kisha cha kushoto, mbele ya wageni watatu, akaiinua dirishani aitazame vizuri na kusema, "Kitambaa kizuri hiki, hakiachi nyuzi." Mimi nilikuwa viti viwili kutoka kwake, nimeukodolea macho ukurasa wa bajeti, nikiomba ardhi ipasuke inimeze. Lakini ardhi ya Dar es Salaam mwezi wa nne imelowa mno. Haipasuki.

Nepi ile iliingia kikaoni mkononi mwa mlinzi. Upepo uliipeperusha kutoka nyuma ya jengo ukaibandika kwenye kioo cha gari la wageni, naye mzee wa watu, mwaminifu kupita kiasi, akaileta ndani ameishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya. Twiga wa njano waliochapwa juu yake walionekana mpaka mlangoni. Mgeni mmoja akauliza kama ni kitambaa cha kufutia vioo. Nilidakia upesi: ndiyo, ni cha ofisi. Petro alimkana Bwana wake mara tatu. Mimi nilimkana mwanangu wa wiki tatu mara moja tu, ikatosha. Mkurugenzi akanyoosha mkono, akapokea kitambaa cha ofisi, akavua miwani.

Mzee alingoja kwa adabu mpaka amalize. Kisha akasema, "Lakini bosi, hiyo si ya mtoto wa huyu bwana? Zingine kumi na moja ziko nyuma kwenye kiyoyozi. Nizilete?"

Naomba nijitetee. Mtoto mchanga hulowesha dazeni ya nepi kwa siku, na wetu hana ubahili. Masika haya, nepi iliyofuliwa Jumatatu na kuanikwa barazani hukauka Alhamisi, tena kukauka kwa heshima tu. Ukiibana kiganjani bado ina ubaridi. Dazeni moja kwa siku, mara siku tatu, ni nepi 36. Tunazo 24. Kuhusu pampasi, mama mkwe, aliyekuja kumwangalia bintiye mpaka arobaini itoke, alitangaza siku ya kwanza kwamba mjukuu wake si nyanya za kufungwa kwenye plastiki.

Na hata iliyokauka haivaliwi hivi hivi. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Yakianguliwa, funza hupenya ngozi na kufanya jipu lenye mpangaji ndani. Dawa yake ni pasi ya moto, mbele na nyuma. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja ya LUKU, na umeme wa mtaani kwetu ukisikia radi huzimia kabla ya mtoto kulia.

Ndipo nilipokigundua kiyoyozi. Wiki iliyopita nilijibanza nyuma ya ofisi kukwepa mvua, shati limenigandia mgongoni, chini ya upenu lilipo lile sanduku la nje linalonguruma. Baada ya muda mfupi nikajishika mgongo: mkavu! Nikamsubiri fundi wa viyoyozi, nikamng'ang'ania mpaka aeleze. Kumbe kiyoyozi hakitengenezi baridi hata kidogo. Kinahamisha joto tu, kama mpangaji anayehamisha vyombo usiku. Ndani kuna mirija ya baridi. Hewa ya chumba ikipigwa pale inaacha joto lake, na maji yake pia, ambayo ndiyo yale yanayodondoka nje kwenye mpira. Gesi iliyobeba joto inavutwa mpaka nje, kompresa inaikandamiza hadi inakuwa ya moto kuliko hewa ya mjini, na feni inapuliza joto hilo lote ukutani. Nikambana: hewa ya masika si imeshashiba maji, itakaushaje nguo? Akacheka. Hewa ikipashwa moto, alisema, inaweza kubeba maji mengi zaidi. Ile iliyoshiba inashikwa na njaa upya.

Sikulala usiku ule. (Nisingelala vyovyote vile, ila mara hiyo nilikesha kwa hiari yangu.) Fikiria: joto la watu kumi wanaobishana kuhusu bajeti linatolewa nje, linakwenda kumkaushia nguo mtu ambaye hata shingo yake bado haijui kazi yake! Nepi moja, dakika 40. Nikamwomba mzee wa getini aniwekee kamba.

Mikasa mingine ni midogo. Kadi ya kliniki ililowa, wino wa tarehe ukahamia kwenye shati langu. Niliingiza jiko la mkaa chumbani likaushe nepi. Mama mkwe akalitupa mvuani na kuniuliza kama nataka kuwaua wote kwa hewa ya mkaa. Kitovu kilidondoka nikakifagia pamoja na maganda ya vitunguu.

Jana hiyo hiyo baada ya kikao niliitwa utumishi, nikaulizwa kwa nini mambo haya sikuyamaliza wakati wa likizo. Likizo ipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84. Baba anapewa zisizopungua tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na ofisi yetu haijawahi kuiongezea sheria hata nusu saa. Ya kwanza niliimalizia kwenye foleni ya dirisha la malipo. Ya pili barabara ya Jangwani ilikuwa mto. Ya tatu nilifua nepi, na zilipokauka nilikuwa nimesharudi kazini. Kenya, hapo jirani, baba anapata wiki mbili. Hili halinichekeshi. Mke wangu anaamka mara tano kila usiku na kidonda chake cha upasuaji, mimi niko ofisini nasinzia juu ya majedwali, na kila tunayekutana naye anatuambia hongera.

Leo asubuhi sanduku la kiyoyozi limezungushiwa wavu wenye kufuli. Mwenye pasi ya mkaa isiyomwaga majivu naomba aniazime mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Nepi zangu ni safi. Aliye na shaka amuulize mkurugenzi.